Mfamasia wa Damanhur

Simu ya Norwei iliingia Shahenda akiwa kwenye kiti changu, upande mmoja wa kichwa nywele zimenyooka kama hariri na upande wa pili zimesimama kama za mtu aliyepigwa na umeme. Saluni ilikuwa imejaa, kama ilivyo kila Alhamisi. Wawili wako chini ya draya, mmoja anangoja kutolewa rola, na wengine hawakuja kufanya lolote ila kunywa chai yangu na kusikia nani kaposwa na nani kaachwa.

"Ni yeye!" Shahenda akaruka. "Profesa mwenyewe! Safinaz, zima hiyo mashine!"

Nikazima mashine, nikazima na redio. Bi Rawya wa ghorofa ya pili nikamtolea jicho aache kubangua mbegu za maboga. Nikamzungushia Shahenda kitambaa kichwani, nikamgeuza kiti ili nyuma yake uonekane ukuta mtupu na si picha za maharusi. Kwenye simu akatokea mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, na nyuma yake dirisha linalovuja mvua.

Kiingereza changu nimekiokota kwenye filamu, na hakinitoshi kuingilia mazungumzo ya watu wa sayansi. Lakini neno la hongera nalijua. Na neno la ndoa nalijua zaidi, maana ndilo linalonilisha. Yule mzee aliyatamka yote mawili, tena kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani.

Nilimwona Shahenda rangi inavyomtoka. Ilianza kwenye paji la uso ikashuka mpaka shingoni. Mimi ambaye kazi yangu ni kupaka watu rangi usoni, sijawahi kuona ikitoka upesi namna ile.

"Ndoa?" akasema kwa Kiarabu, akasahau kuwa mwenziwe hajui Kiarabu. "Ndoa gani?"

Saluni nzima ikashusha macho, kwa sababu sote tulijua ni ndoa gani. Hapakuwa na mwanamke mle ndani asiyeijua, isipokuwa mwenye ndoa yake.

"Yarabi," Bi Rawya akaninong'oneza, "kumbe habari imefika mpaka kwa Wazungu!"

Wakazungumza kwa muda, Shahenda akitikisa kichwa, akikata hewa kwa mkono, hatemi wala hamezi. Simu ilipokatika akabaki ameikodolea macho.

"Anasema Profesa Raafat kamwambia nimeacha utafiti," akasema polepole, kama anayesoma kibao cha barabarani katika nchi ya watu. "Anasema naolewa na mfamasia, nahamia Damanhur. Ananitakia maisha mema." Akatuangalia mmoja mmoja. "Mfamasia gani? Mimi simjui mfamasia yeyote! Hata dawa ya mafua huninunulia mama!"

Mmoja wa wale wawili wa draya alirudisha kichwa ndani ya draya, na draya yenyewe imezimwa.

Kwa asiyeijua biashara hii ya Shahenda, nitaeleza kama nilivyoielewa mimi, msichana wa mtaani niliyeishia darasa la kushona. Mtu akimaliza shahada ya uzamivu, anaitwa daktari, anapigiwa makofi, kisha hana kazi. Uprofesa bado hajaufikia. Katikati hapo lazima atafute maabara ya kumchukua afanye utafiti miaka miwili mitatu ili ajulikane. Na huitafuti kwa kubisha hodi. Unawaandikia maprofesa wa dunia nzima, mmoja mmoja, kila mmoja umsomee kazi zake kwanza ili asijione kaandikiwa kwa jumla. Wengi hawajibu. Wanaojibu wanasema hawana fedha ya mradi. Na hao wenye fedha hawamtaki mtu ambaye udaktari wake umechacha, maana nao una umri wake. Ukikaa muda mrefu bila maabara, wanakuangalia kama mkate wa jana. Nafasi hii ya Norwei, ya kutengeneza tando za kuchujia chumvi kwenye maji ya bahari, ilikuwa ya mwisho ambayo Shahenda bado alikuwa na umri wa kuiomba. Baada ya hapo sheria inamfungia mlango, na anabaki kufundisha watoto hesabu sebuleni kwa mama yake.

Kuna kitu kingine katika biashara hiyo. Kabla ya kukuchukua, wanampigia simu profesa wako wa zamani, na wa Shahenda ni huyo Raafat, wamuulize wewe ni mtu wa namna gani. Neno lake ndilo linalokupandisha au kukuangusha.

"Kamati inakaa kesho mchana," Shahenda akasema. "Kama Profesa Raafat hatayafuta maneno yake kwa kinywa chake, jina langu halipelekwi. Neno langu peke yangu halitoshi. Nafasi atapewa Mpolandi ninayeshindana naye." Akaniangalia kwenye kioo. "Safinaz, mbona hamshangai? Mbona mimi peke yangu ndiye ninayeshangaa?"

Nikasema, "Subiri nimwite mama yako."

Mama Shahenda, jina lake Inshirah, ni mjane, mpishi hodari wa mchuzi wa mulukhia, na mwoga wa kijicho kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye katika mji wa Iskandaria, na huu mji hauna upungufu wa waoga wa kijicho. Kwake yeye, heri ikitajwa kabla haijatimia imekwisha kufa. Na alikuwa na ushahidi. Miaka ya nyuma Shahenda alipata nafasi kama hii Ujerumani. Mama akapiga vigelegele, akatengeneza sharbati ya waridi, akaigawa kwa jengo zima. Abla Karima, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu, akanywa glasi yake mpaka tone la mwisho, akasema, "Ana bahati huyu msichana." Mashaallah, neno la kukinga kijicho, hakusema. Mwezi haukuisha, Wajerumani wakaandika kuwa nafasi haipo tena. Tangu siku ile Inshirah na Karima hawajasalimiana. Wakikutana kwenye ngazi, mmoja anageukia ukuta mpaka mwenziwe apite.

Basi safari hii ya Norwei ilipoanza kunukia, mama aliapa kuwa haitajulikana. Na kwa kuwa watu walishaanza kuuliza ("Vipi daktari wetu, kapata?"), akaona kunyamaza hakutoshi. Jicho lazima lipewe kitu kingine cha kutazama.

Nilikuwepo siku alipoitoa hiyo habari. Mkesha wa Idi, saluni haina pa kuweka mguu. Akaingia, akakaa, akashusha pumzi, akasema, "Shahenda kachoka na hayo masomo. Kaachana nayo. Amepata mtu wa heri, mfamasia, wa Damanhur." Tukamrukia. Anaitwa nani? Mamduh. Ana gari? Analo. Mama yake yuko hai? Yuko hai, ila goti linamsumbua. Hilo goti ndilo lililotumaliza. Nani hutunga goti? Mtu akikutajia goti la mama mkwe, huwezi kudhani ni uongo. Kisha akatusihi: "Msimguse Shahenda, msimtajie, ana haya sana." Tukaapa. Kwenye kiti cha pembeni, nywele zimepakwa rangi na kufungwa mfuko wa nailoni, alikuwepo Bi Nevine, mke wa Profesa Raafat.

Nami niliamini kama wenzangu. Nilishamchagulia mpaka mtindo wa nywele za harusi.

Sasa mama akateremka na aproni yake, mikono inanukia kitunguu saumu, akakuta saluni imekaa kimya. Hilo peke yake lilimtisha.

"Nani kaumia?" akauliza.

"Mama," Shahenda akasema, "Mamduh ni nani?"

Nimeona wanawake wengi wakishikwa na uongo wao katika saluni ile. Wengine hulia, wengine hukasirika. Inshirah aliketi. Hakutafuta kiti, akaketi juu ya kikapu cha mataulo, na kikapu kikamezwa chini yake.

"Ilikuwa ya kukulinda," akasema. "Niliwapa watu kitu cha kuhusudu ambacho hakipo. Wakakihusudu hicho, wewe upite salama."

"Nipite wapi, Mama? Norwei wamesikia!"

"Norwei?" Akashika kichwa. "Nani aliyewafikishia Norwei?"

Macho yote yakaenda kwenye kiti cha pembeni, ambacho siku hiyo kilikuwa kitupu.

Hatukungoja. Shahenda na nusu ya nywele zake ndani ya kitambaa, mama na aproni yake, na mimi nyuma yao, saluni nimemwachia Bi Rawya. Mtaniuliza mimi nilifuata nini. Nami nawauliza, mngeweza kubaki?

Profesa Raafat anakaa karibu na reli ya tramu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Alitufungulia amevaa pajama za mistari na miwani mbili, moja machoni na moja juu ya kipara. Ni mtu mwema. Alipomwona Shahenda akafungua mikono.

"Bibi harusi wetu! Karibuni! Nevine, leta maji ya limau!"

"Profesa," Shahenda akasema palepale mlangoni, "mimi siolewi."

"Naam, naam," akasema Profesa, akacheka, akamkonyeza mama. "Haolewi. Tumesikia. Ingieni."

"Wallahi haolewi!" mama akasema. "Hakuna mchumba! Hakuwahi kuwepo!"

Profesa akatuketisha. Akasubiri maji ya limau yaje, akamgawia kila mtu, ndipo akasema, "Mama Shahenda, mimi nimezaliwa hapahapa Muharram Bek. Dada yangu alipoposwa, mama yangu alishika msahafu, akaapa mbele ya shangazi zangu wote kwamba hakuna posa. Na wakati anaapa, chumba cha pili fundi alikuwa anampima dada yangu gauni. Sisi ni watu wa hapa. Mama akikana harusi hivi, huwa nakwenda kupiga pasi suti yangu."

"Lakini mimi mwenyewe nakwambia!" Shahenda akasema. "Hukunifundisha kuangalia data? Data iko wapi? Umemwona huyo mtu?"

"Ungesema nini, binti yangu? Kazi unaitaka na mume unamtaka, na unadhani nitakukasirikia. Sikukasirikii. Nilipopigiwa simu kutoka Norwei niliona nikuondolee aibu ya kujitoa mwenyewe. Nikakusifu sana, nikawaambia ukweli."

"Siyo ukweli!"

Profesa akavua ile miwani ya machoni, akabaki na ya kipara. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Nisikilize vizuri. Kabla yako alikuwepo msichana mmoja. Nilimtolea neno langu Ubelgiji, nikaapa kwamba hana kinachomshika na atamaliza. Mama yake naye alikuja akakaa hapo ulipokaa mama yako, akakana posa kwa viapo vyote. Msichana akaenda, kazi akaiacha katikati, akarudi kuolewa. Tangu hapo yule profesa wa Ubelgiji hajibu barua zangu, na wanafunzi wangu wote kule hawapokelewi, wema na wabaya. Neno langu ndicho kitu pekee nilichonacho cha kuwapa watakaokuja nyuma yako. Siwezi kulitumia mara mbili kwa simu mbili zinazopingana, halafu nialikwe harusini mwezi ujao."

"Na goti?" Bi Nevine akadakia. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia, uso ameukunja. "Mimi nilimpelekea mama mkwe marhamu ya goti! Ya kutoka Saudia! Iko wapi marhamu yangu?"

Inshirah akatazama zulia. "Nimejipaka mimi," akasema.

Naapa hata mimi wakati ule niliona ni mtu anayeficha. Ndivyo lilivyokuwa balaa lenyewe. Kadiri alivyokana ndivyo alivyofanana na kila mama ambaye amewahi kuficha harusi katika mtaa ule.

Kwenye ngazi, tukishuka, Shahenda alikaa chini, kwenye jiwe tupu, akaegemea ukuta. Hakulia. Alikuwa na macho ya mtu aliyegongwa na kitu na bado hajajua alipoumia.

"Miaka yote hii," akamwambia mama yake kwa sauti ndogo, "umekuwa ukiliogopa jicho la watu. Jicho la watu halijanifanya kitu, Mama. Umenifanya wewe."

Mimi nikasema tu la kusema, kwa hasira: "Mji wa ajabu huu! Mtu akikana haaminiki. Haaminiki mpaka atangaze. Na mama gani mwenye akili zake atatangaza heri ambayo bado haijafika?"

Nilisema kama mtu anavyosonya. Sikujua kama kuna aliyesikia.

Ijumaa asubuhi huwa sifungui mapema. Nilikuwa nasukuma nusu ya mlango wa chuma niweke ndoo nje, mtaa ndio kwanza unaamka, watu wamejipanga na mabakuli kwa muuza fuli ya maharage, ndipo nikasikia kigelegele. Kimoja, kirefu, kinatetemeka mwishoni. Nikainua kichwa.

Inshirah alikuwa kwenye roshani yake amevaa gauni lake la Idi. Mkono mmoja ameushika ukingo kama mtu aliye kwenye meli inayoyumba, na mkono wa pili ameshika kamba ya kikapu. Ndani ya kikapu, glasi zimejaa sharbati nyekundu.

"Enyi watu!" akapaza sauti. "Binti yangu Daktari Shahenda anakwenda Norwei! Anakwenda kufanya utafiti wa maji! Haolewi! Mfamasia wa Damanhur hayupo, nilimtunga mimi, na gari lake, na goti la mama yake! Kunyweni!"

Akaanza kuteremsha kikapu. Kikapu kikagonga ukuta, nusu ya sharbati ikamwagikia hapo ikashuka kama damu ya sadaka.

Bi Rawya akatokea dirishani na rola kichwani. "Mama Shahenda! Hongera! Kwa hiyo limetimia?"

"Bado!" Inshirah akasema.

Wallahi mtaa ulisimama. Muuza fuli alibaki na upawa hewani, fuli ikimdondokea kwenye kiatu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mkate chini ya kwapa akasimama, akatazama juu, akasema, "Astaghfirullah." Bi Rawya alijifunika mdomo.

"Bado?" akauliza tena, kama hakusikia.

"Bado! Kamati inakaa mchana! Huenda akapata, huenda akakosa! Nami natangaza sasa hivi, mbele yenu wote, na jicho la kila mtu!" Akapiga kigelegele cha pili, na hiki kilikatikia katikati.

Shahenda akatokea nyuma yake na nguo za kulalia, nywele bado nusu kwa nusu, akamshika mabega. "Mama, unafanya nini? Mama!" Alidhani mama yake amerukwa na akili. Hata mimi nilidhani. Namjua Inshirah tangu sijaolewa. Mtu huyu akinunua kilo ya nyama huifunika kwa mboga asionekane. Kumwona pale juu ni kama kumwona mtu anayeogopa maji akijitupa bandarini.

Na juu ya roshani ile, kwenye ghorofa ya mwisho, niliona pazia la Abla Karima likisogea, likasimama hivyohivyo.

Habari ya mfamasia Bi Nevine aliikuta kwenye kiti changu cha pembeni. Ile ya "bado" ilimfikia nyumbani kabla sijamaliza kukusanya glasi. Nilimwona anakuja mbio na kandambili za chooni, kanga ya sala imemwangukia shingoni.

"Kasema bado?" akanishika mkono. "Kasema mwenyewe? Kwa kinywa chake?"

"Mara mbili," nikamwambia. "Na sharbati hiyo hapo."

Akachukua glasi, akainusa kama anayetafuta sumu. Kisha akatoa simu.

"Raafat. Acha unachokifanya. Inshirah anagawa sharbati." Akasikiliza. "Siyo ya harusi! Ya kazi! Kazi yenyewe hajaipata." Akasikiliza tena. "Naam, kabla. Kabla, Raafat! Kasimama kwenye roshani katangaza kabla!"

Nilikaribia kuingiza sikio ndani ya simu.

"Ametamka 'La ilaha illallah'," Bi Nevine akatuambia alipokata. "Anasema hakuna mama aliyewahi kuzaliwa mji huu ambaye angeiweka heri ya kweli mbele ya jicho ili tu kulinda uongo. Anapiga simu Norwei sasa hivi. Hata pajama hajavua."

Niliwaingiza wote saluni. Milango ya chuma nusu, draya zimezimwa, Ijumaa, lakini nyumba imejaa kama mkesha wa Idi. Nikamwambia Shahenda, "Kaa nikumalizie upande wa pili. Ukipata, uwe mzuri. Ukikosa, uwe mzuri vilevile." Akakaa. Simu ameiweka mapajani, na kila ilipotikisika tulitikisika nayo. Mara ni shangazi yake wa Tanta. Mara ni kampuni ya simu inamtangazia vifurushi, tukaitukana.

Inshirah hakukaa. Alisimama mlangoni ametazama nje. Watu walirudi kutoka sala ya Ijumaa, wakampita wakimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyetoka kwenye ajali akiwa mzima.

Nilikuwa nimefika kwenye shungi la mwisho ujumbe ulipoingia. Shahenda aliusoma. Akausoma tena. Akainua uso kwenye kioo, na kwa mara ya pili katika siku mbili nikamwona hana rangi.

"Sema, mwanamke!" Bi Rawya akapiga kelele. "Tutakufa!"

"Wamekubali," akasema. "Wamenichukua mimi."

Sijui nani alipiga kigelegele kwanza. Nadhani ni mimi. Bi Nevine alilia juu ya bega la Rawya. Shahenda tukamtoa kitini tukambana katikati mpaka nywele nilizozinyoosha kwa jasho langu zikarudi kusimama. Ni baada ya kelele kupungua ndipo tulipogundua kuwa mama yake hayumo katikati yetu.

Alikuwa bado mlangoni. Ametugeukia, mikono imening'inia.

"Nililisema," akasema. "Nililisema kwa sauti, kabla. Mtaa mzima ukasikia." Akatutazama kama tuliomficha kitu. "Na halikuvunjika."

"Halikuvunjika, Mama," Shahenda akasema, akaenda kumshika.

"Na lile la Ujerumani?"

"Nilikwambia siku ileile. Serikali yao ilikata fedha za mradi. Maabara nzima ilifungwa, na waliokuwemo wakatoka. Hakuna aliyekuwa na jicho."

Inshirah alifikiri. Nilimwona akifikiri, na haikuwa raha kumtazama. Ni kama mtu anayerudi nyumbani akakuta mlango aliokuwa akiulinda ulikuwa umechorwa tu ukutani. Kisha akaenda kwenye sinia. Imebaki glasi moja. Akaifuta ukingo kwa kiganja, akatoka.

Alipanda ngazi za jengo letu, akaipita ghorofa yake, akaendelea juu. Mimi nilifuata hatua chache nyuma. Sikualikwa, ila tangu lini nikangoja kualikwa?

Abla Karima alifungua mlango kabla haujagongwa mara ya pili. Mkono ukamwenda kifuani.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu," Inshirah akasema. "Shahenda kapata."

Karima akaitazama glasi. Hakuipokea. Ni mwanamke mrefu, uso wa mwalimu wa zamani, na bado anaweza kukufanya uangalie kucha zako kama ni safi.

"Ninywe," akasema, "halafu kesho ndege ikichelewa, useme ni mimi?"

Inshirah akarudi nyuma hatua moja, nikadhani atageuka ashuke, na ingekuwa hivyo maisha yao yote.

"Kunywa, Karima," akasema. "Na useme unachotaka kusema."

Abla Karima akaichukua. Akainywa taratibu, yote, mpaka tone la mwisho, kama siku ile. Akajifuta midomo kwa ncha ya kitambaa. Akamwangalia Inshirah usoni, moja kwa moja.

"Ana bahati huyu msichana," akasema.

Tukangoja neno linalofuata. Nilijikuta nalitamka mimi moyoni, mashaallah, mashaallah, lakini yeye hakulisema, na nilijua halisemi makusudi. Mkono wa Inshirah ulirudi nyuma ukanitafuta kwenye giza la ngazi, kumbe alijua nipo, ukanikamata kifundo cha mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Anayo," Inshirah akasema.